Santuri ya Filamu na Maana ya Neno "Kununua"

UTANGULIZI

Kazi ya kuunda istilahi huchukuliwa na watu wengi kuwa ni kazi ya kuvipa majina vitu vipya. Kifaa kinapoingia nchini, jina hutafutwa. Na jina likishapatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Ni mara chache kukumbukwa kwamba vitu pia huondoka, na kwamba kitu kinapoondoka huyaacha maneno yake yakitangatanga bila mwenyewe, mpaka yakadakwa na kitu kingine ambacho pengine hakifanani nacho hata kidogo.

Makala haya yakusudia kuieleza hali hiyo kwa mfano mmoja, nao ni santuri ya filamu, yaani ile sahani nyembamba ya plastiki iliyohifadhi filamu, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la sidii au DVD. Santuri hiyo inatoweka madukani, na zile zinazoendelea kutengenezwa zinazidi kuwa ghali. Tutaanza kwa kuyachunguza majina ya chombo hiki, kisha tutaeleza kinavyotengenezwa, sababu za kupungua kwake na sababu za kupanda kwa bei yake. Mwisho tutaligusa jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, yaani lile linalolipata neno "kununua" pale ambapo kitu kilichokuwa kikinunuliwa hakipo tena.

MAJINA YA CHOMBO

Filamu ilipoanza kuingia majumbani haikuja katika sahani bali katika utepe. Mtindo wa VHS, ulioanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1976, uliutia utepe wa sumaku ndani ya kasha la plastiki. Waswahili waliliita kasha hilo kanda, mkanda au kaseti ya video, na mashine yake wakaiita deki. Baadaye zilikuja sahani: VCD mwaka 1993, DVD iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, Blu-ray mwaka 2006, na Ultra HD Blu-ray mwaka 2016. Zote hizi zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa takriban milimita 1.2, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Ndiyo maana mitaani zote zimeitwa sidii, na mashine zake zikarithi jina lile lile la deki, ingawa ndani yake hamna tena utepe wowote.

Jina "kanda" nalo halikufa pamoja na utepe. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya huandika hata leo kwamba "kanda ya video" imesambaa, ilhali picha inayozungumziwa ilipigwa kwa simu na haikupata kugusa utepe. Huu ni ushahidi mzuri kwamba neno laweza kuishi kuliko kitu chake, na hakuna madhara yoyote, kwa sababu msomaji hapotoshwi: alichotaka kujua ni kwamba kuna picha zinazotembea, na hilo ameambiwa.

Je, sahani yenyewe iitwe nani? "Sidii" ni herufi za kigeni zilizotamkwa kwa Kiswahili. Ni jina jepesi, lakini halitofautishi aina moja na nyingine. "Diski" limekwisha kushikwa na wataalamu wa kompyuta kwa vifaa vya kuhifadhia data vya kila namna. "Sahani" peke yake ni chombo cha kulia. Limebaki neno "santuri", ambalo wazee wetu walilitumia kwa sahani nyeusi ya gramafoni, na pengine kwa gramafoni yenyewe. Kulihamishia neno hili kwenye sahani inayosomwa kwa mwanga ni jambo la kawaida katika lugha, maana umbo ni lile lile na kazi ni ile ile ya kuhifadhi kilichorekodiwa. Kwa hiyo katika makala haya tunatumia "santuri ya filamu".

SANTURI INAVYOTENGENEZWA

Ili tuelewe habari ya bei hatuna budi kwanza kueleza, japo kwa muhtasari, namna santuri inavyozaliwa.

Filamu hugeuzwa kuwa tarakimu, ikabanwa ili ienee katika nafasi iliyopo, kisha ikapangwa pamoja na sauti, manukuu na orodha ya kuchagulia. Baada ya hapo bamba la kioo lililopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga huchorwa kwa leza, likatokea juu yake vishimo vidogo mno vilivyojipanga kwa mzunguko kama uzi uliosokotwa. Bamba hilo hufunikwa kwa madini ya nikeli, na nikeli ikibanduliwa huwa ndiyo kalibu. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu juu ya kalibu, ikapokea alama zake, ikapoa, ikapakwa utando mwembamba wa metali ili iakisi mwanga. Kwa DVD, vipande viwili vya milimita 0.6 kila kimoja hugandishwa pamoja.

Tofauti kati ya aina moja ya santuri na nyingine hutokana zaidi na mwanga unaozisoma. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, na tabaka lake moja huchukua gigabaiti 4.7. Blu-ray husomwa kwa leza yenye rangi ya zambarau-buluu ya nanomita 405, na kwa kuwa wimbi hilo ni fupi zaidi, vishimo vyaweza kuwa vidogo zaidi, na tabaka moja likachukua gigabaiti 25. Ultra HD Blu-ray yaweza kufikia gigabaiti 100 na kuipeleka picha kwa kasi ya hadi megabiti 128 kwa sekunde. Kasi hiyo ni mara kadhaa zaidi ya ile itumikayo kupeleka filamu kwa intaneti. Kwa sababu hiyo wapenzi wa picha safi wangali wakiitafuta santuri, hata wale ambao nyumba zao zina intaneti ya kutosha.

KUPUNGUA KWA SANTURI

Nchi ambayo mabadiliko haya yaonekana wazi kuliko nyingine ni Marekani, kwa kuwa ndiko lilikokuwa soko kubwa la santuri za filamu. Katikati ya miaka ya 2000 mauzo ya santuri huko yalipindukia dola bilioni 16 kwa mwaka. Mwaka 2024 yalikuwa chini ya dola bilioni 1.

Sababu kuu yafahamika: watazamaji wamehamia kwenye utiririshaji, yaani kutazama filamu inayoletwa kwa intaneti bila ya nakala kubaki kwa mtazamaji. Kampuni ya Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha santuri kwa njia ya posta, ilifungua huduma ya utiririshaji mwaka 2007, na tarehe 29 Septemba 2023 ilituma santuri zake za mwisho baada ya kutuma jumla ya zaidi ya bilioni 5. Kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa na maduka yapatayo 9,000 mwaka 2004, ilifilisika mwaka 2010. Redbox, iliyokuwa ikikodisha santuri kwa mashine zilizowekwa milangoni mwa maduka, ilifungwa mwaka 2024 pamoja na mashine zake zaidi ya 20,000. Duka mashuhuri la Best Buy liliacha kuuza filamu za santuri mwaka huo huo. Kwa upande wa deki, kampuni ya Oppo ilijitoa mwaka 2018, na Samsung ikatangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani.

Hapa yafaa kutoa tahadhari moja ya kiistilahi. Mwezi Februari 2025 kampuni ya Sony iliacha kutengeneza santuri tupu za Blu-ray, yaani zile ambazo mtu hujirekodia mwenyewe. Asiyetofautisha santuri tupu na santuri iliyopigwa chapa kiwandani angeweza kudhani kwamba filamu za Blu-ray zimekoma, jambo ambalo si kweli. Tofauti ya neno moja yatosha kuligeuza taarifa ya habari kuwa uvumi.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine, lakini mwisho wake umefanana. Filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 ziliwafikia watazamaji hasa kwa VCD na DVD zilizouzwa Kariakoo na kutembezwa mikononi na wachuuzi, zikaonyeshwa pia katika vibanda umiza. VCD moja huchukua dakika zipatazo 74 tu, na kwa hiyo filamu ndefu ililazimika kukaa katika santuri mbili. Baadaye wateja walianza kupeleka flashi dukani wawekewe filamu, kisha wakaanza kutazama katika simu. Filamu ambazo hazikuhamishwa kutoka katika santuri zile zitapotea zitakapokwaruzika santuri za mwisho, au itakapokosekana deki ya kuzisomea.

KWA NINI BEI YAPANDA

Yumkini msomaji atauliza: kitu kisichotakiwa na wengi si hushuka bei? Kwa nini basi hiki chapanda?

Jibu limo katika aina mbili za gharama. Zipo gharama zisizobadilika, ambazo mchapishaji hulipa hata akitoa nakala moja: kuisafisha picha ya filamu, kuipanga, kutengeneza bamba la kioo na kalibu, kulipia haki, kuchora jalada. Zipo pia gharama za kila nakala, kama vile plastiki, kasha na usafirishaji. Tuchukue mfano wa kubuni. Gharama zisizobadilika zikiwa shilingi milioni 10, na nakala zikiwa 100,000, kila nakala hubeba shilingi 100 tu. Nakala zikipungua zikawa 2,000, kila moja hubeba shilingi 5,000. Plastiki haikupanda bei. Waliopungua ni wa kugawana mzigo.

Juu ya sababu hiyo huja nyingine. Viwanda vilivyobaki ni vichache, na mchapishaji hana pengi pa kukimbilia. Maduka ya kukodisha, ambayo zamani yalinunua nakala kwa wingi na kuziuza kwa bei ya chini zikishachoka, hayapo tena. Aliyebaki sokoni ni mkusanyaji, na wachapishaji kama Criterion wa Marekani na Arrow wa Uingereza humtengenezea matoleo yenye vijitabu, makasha mazuri na pengine idadi maalumu ya nakala. Huko Marekani filamu mpya ya Ultra HD Blu-ray kwa kawaida huuzwa kwa takriban dola 25 hadi 35. Na toleo likishakwisha bila kuchapwa tena, nakala zake hupanda bei kwa wenye kuuziana wao kwa wao.

Tusije tukasema, hata hivyo, kwamba kila santuri ni ghali. DVD kuukuu za filamu zilizouzwa kwa mamilioni zaweza kupatikana kwa bei ndogo sana. Kilichopanda ni bei ya santuri mpya, na ya ile iliyo adimu.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana kikwazo cha ziada. Wachapishaji wa DVD waliigawa dunia katika maeneo ya mauzo: Marekani ni namba 1, na Afrika Mashariki ni namba 5. Santuri ya namba 1 haikubali katika deki iliyofungwa kwa namba 5. Baadhi ya watu huziita namba hizo "namba za kanda". Kwa maoni yetu hili halifai, kwani "kanda" ni sehemu ya nchi na pia ni utepe wa video. Mtu aweza kudhani kwamba anaulizwa namba ya kaseti. "Namba ya eneo" yatosha. Ultra HD Blu-ray haina kizuizi hicho.

NENO "KUNUNUA"

Sasa twafika kwenye kiini cha makala haya. Kiswahili kina mpangilio mzuri sana wa vitenzi vya kupata kitu. Anayekopa hurudisha kingine kilicho sawa na alichopewa; anayeazima hurudisha kile kile. Anayekodi hutumia kwa malipo na kwa muda. Mwenye kitu ndiye akodishaye. Anayenunua amemaliza: kitu kimekuwa chake, aweza kukiuza, kukiazimisha, kukitoa zawadi au kukirithisha, wala aliyemwuzia hana ruhusa ya kukirudia.

Santuri ya filamu ilitii mpangilio huo. Mnunuzi hakuinunua hakimiliki ya filamu, na hivyo hakuruhusiwa kuirudufu na kuiuza. Lakini nakala ile moja ilikuwa yake. Nchini Marekani Mahakama Kuu ya nchi iliamua tangu mwaka 1908, katika shauri lililohusu vitabu, kwamba mwenye hakimiliki akishaiuza nakala hana mamlaka tena juu ya bei itakayouziwa baadaye.

Utiririshaji umeleta hali ya tatu. Mtazamaji huona katika skrini kitufe kilichoandikwa "Nunua" kando ya kingine kilichoandikwa "Kodi". Hulipa zaidi na kubonyeza cha kwanza, akiamini kwamba filamu imekuwa yake. Kwa kweli alichopewa ni idhini ya kuitazama kwa muda wote ambao mtoaji huduma mwenyewe ataruhusiwa kuitoa. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya kusomea vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyevipeleka hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu vilikuwa vimeondoka. Mwaka 2022 kampuni ya Sony iliwaarifu wateja wa PlayStation wa Ujerumani na Austria kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti hawataweza kuzitazama filamu za StudioCanal walizokuwa wamezinunua. Mwezi Desemba 2023 ilitangaza jambo kama hilo kuhusu vipindi vya Discovery huko Marekani, kisha ikatengua tangazo lake baada ya mkataba kuongezwa muda.

Hakuna muuzaji wa Kariakoo aliyewahi kuingia chumbani kwa mteja usiku akaichukua santuri yake. Hiyo ndiyo tofauti, na neno "kununua" linaificha. Jimbo la California liliitambua hatari hiyo: sheria iliyotiwa sahihi mwezi Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yamkataza mwuzaji kutumia maneno yenye maana ya kununua kwa bidhaa za kidijiti ila awe amemweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni idhini. Bidhaa ambayo mteja aweza kuipakua moja kwa moja na kuitumia bila intaneti haikuguswa na katazo hilo. Ndiyo kusema kwamba bunge zima lilikaa likajadili maana ya kitenzi kimoja.

MAPENDEKEZO

Kwa kuwa huduma hizi zaendelea kutafsiriwa kwa Kiswahili, twapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe:

(a) Santuri ya filamu: sahani iliyopigwa chapa kiwandani, yenye filamu, isomwayo kwa leza.

(b) Santuri tupu: sahani ya namna hiyo isiyo na kitu, itumikayo kurekodia.

(c) Nakala inayoshikika: nakala iliyo katika chombo kinachoweza kukabidhiwa kwa mkono. Istilahi hii yaafikiana na "urithi usioshikika", ambayo imekwisha kuzoeleka katika mambo ya utamaduni.

(d) Nakala ya kupakua: nakala isiyo na santuri, lakini ikaayo katika chombo cha mteja na kufanya kazi bila idhini ya mwingine.

(e) Idhini ya kutazama: ruhusa iliyolipiwa, yenye kikomo kilichotajwa au kisichotajwa, ambayo mtoaji huduma aweza kuikatiza.

(f) Utiririshaji: kupeleka filamu kwa intaneti ili itazamwe papo hapo.

Kuhusu vitenzi, "kununua" kitumike kwa (a), (b), (c) na (d) peke yake. Kwa (e) iandikwe "kulipia idhini", au kwa ufupi "lipia". Neno hili limo vinywani mwa watu tayari, kwani husema wamelipia king'amuzi wala hawasemi wamenunua vipindi. Anayeshuku kitenzi kipi kimfae ajiulize maswali matatu: Je, mteja aweza kumwazima jirani? Je, aweza kuwarithisha wanawe? Je, mwuzaji hawezi kukirudia? Jibu likiwa "la" hata kwa moja, huko si kununua.

HITIMISHO

Wapo watakaosema kwamba lugha hufuata mazoea, na kwamba watu wakikubali kuita "kununua" kile ambacho ni kuruhusiwa tu, mwanaistilahi hana la kufanya. Hoja hii ina ukweli kwa maneno kama "kanda" na "deki", ambayo yamehama bila kumdhuru mtu. Lakini "kununua" ni neno la mkataba. Anayelihamisha hahamishi jina tu, bali huchukua pamoja nalo haki za mwenye kulipa, naye mlipaji hajui mpaka siku atakapoikosa filamu yake.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hatumshauri msomaji akatae utiririshaji, wala hatudai kwamba santuri itarudi kuwa kama zamani. Bei yake yaonyesha kuwa imekuwa kitu cha wachache. Tunachosema ni kwamba anayeuacha mbacha wake aambiwe, kwa Kiswahili kilicho wazi, kwamba msala anaopewa ni wa kupita. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi tulizozipendekeza, hasa watafsiri wa mikataba na wenye kuhifadhi filamu zetu za santuri, wanakaribishwa kuyaleta ili yajadiliwe.